Malaika Mwenye Tundu

"Tangazo Namba 7 kwa Wapangaji Wote, Aya ya Pili: Kuhusu Vitu Visivyoruhusiwa Kusimamishwa Kwenye Ngazi."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa jengo moja la kupanga huko Alby, pembezoni mwa Stockholm, wiki ya mwisho ya Juni, mwaka juzi. Evodius alilisoma lote, kwa sababu yeye ni mtu wa kusoma matangazo. Vitu vilivyokatazwa vilikuwa kumi na kimoja: vigari vya watoto, viatu, baiskeli, maua ya chungu, mifuko ya taka "hata kwa muda mfupi", na kuendelea. Cha kumi na moja kilikuwa "mengineyo". Hicho ndicho kilichomfurahisha. Alimwambia mkewe kwamba ofisi inayoandika "mengineyo" ni ofisi iliyokomaa. Imekiri kwamba duniani kuna mambo ambayo haijayafikiria.

Ofisi alizijua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nyuma ya kioo katika ofisi moja ya umma katikati ya Stockholm, akibonyeza kitufe. Akibonyeza, namba inawaka ukutani na mtu anainuka. Anayekuja bila namba hurudishwa kwenye mashine akachukue yake, hata kama ukumbi mzima hauna mtu mwingine. Evodius aliliona hilo kuwa jambo la kuchekesha na la haki kwa wakati mmoja. Kwao Kagera alikotoka, foleni ilikuwa inaanza kwa anayemjua karani.

Nje ya kaunta alikuwa na ugonjwa mmoja tu: sarafu za kale za dhahabu za Kiingereza. Ukimuuliza kwa nini za Kiingereza, wakati Waswidi nao walikuwa na wafalme wao, jibu lilikuwa tayari. "Babu zetu Mwingereza aliwalipa senti za shaba zenye tundu katikati, unazitunga kwenye kamba kama samaki. Dhahabu akabaki nayo. Mimi sasa naifuata polepole, bila fujo, kwa risiti."

Alizitunza kwenye trei ya mbao iliyotandikwa mahameli nyekundu, yenye vishimo ishirini na vitatu. Kila sarafu ilikaa ndani ya kikasha chake cha plastiki cha duara, kile kinachofungwa kwa kubanwa mpaka kiseme "ta". Kulikuwa na pauni za Malkia Viktoria akiwa msichana, Viktoria akiwa mama mtu mzima, Viktoria akiwa mjane mwenye shela. Kulikuwa na gini mbili za Mfalme Joji wa Tatu, zenye ngao iliyochorwa kama koleo. Kulikuwa na zile ambazo Mtakatifu Joji anamchoma joka akiwa juu ya farasi, na kofia ya chuma kichwani, na chini hana kitu.

"Mtu anayekwenda kupigana na joka bila suruali," mkewe, Clementina, alikuwa akisema, "huyo hana mke nyumbani." Na wageni wakija aliwaonyesha ile trei kwa kidole: "Nina mke mwenza, jina lake Viktoria. Ana vichwa tisa."

Kishimo kimoja tu kilikuwa kitupu, cha Malaika. Ndivyo wakusanyaji wanavyoiita sarafu ile ya dhahabu nyembamba yenye malaika Mikaeli upande mmoja na jahazi upande wa pili. Mfalme wa mwisho kuipiga alikuwa Charles wa Kwanza, ambaye mwishowe watu wake walimkata shingo. Evodius alimtafuta Malaika huyo miaka minane, akampata mwezi Mei kwenye vitu vya marehemu Filip.

Filip alikuwa mzee wa miaka themanini na sita, mwanachama mwenzake katika chama cha wakusanya sarafu, kinachokutana jioni ya Jumanne ya pili ya mwezi na kuandika kumbukumbu hata za nani alileta biskuti. Alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kumfungulia mtu mlango mchana. Ukimwendea, alizungumza nawe kupitia tundu la kupitishia barua. Evodius mwenyewe aliwahi kupiga magoti kwenye zulia la mlango wake, wakajadili uzito wa gini kupitia upenyo wa vidole viwili. Hakuona ajabu. Alidhani ni Uswidi tu.

Malaika wa Filip alikuwa ametobolewa. Tundu dogo, la mviringo, juu kidogo ya kichwa. Kwa mkusanyaji hilo ni dosari, na ndiyo sababu bei ilimfaa mtu wa kaunta. "Hatimaye," Evodius alimwambia mkewe, "Mwingereza naye katoboa ya kwake." Pamoja na sarafu ilikuja kadi iliyoandikwa kwa mashine. Aliisukumia chini ya trei, angeisoma akipata nafasi. Akambana Malaika ndani ya kikasha. Ta. Trei ikajaa.

Wiki hiyo hiyo, au iliyotangulia, binti yao Natalie aliona uvimbe shingoni. Clementina anasema ulianza baada ya sarafu. Evodius anasema kabla. Hawajakubaliana mpaka leo.

Ulikuwa chini ya taya, upande wa kushoto, wa ukubwa wa punje ya harage. Natalie alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Walimpeleka kliniki. Damu ikapimwa, sindano ikachomwa, na daktari mpole akawaambia kuna seli ambazo hawazipendi. Inabidi tezi itolewe ikaangaliwe. Barua ikaja: Natalie amewekwa kwenye foleni, ataitwa ndani ya siku tisini. Ilikuwa mwisho wa Juni, na Julai nchi nzima ya Uswidi hufunga milango, ikaenda kuogelea.

Clementina aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. "Siku tisini," alisema. "Harage likikaa siku tisini linaota."

"Foleni ina haki yake, Mama Natalie. Wako wengine mbele, nao wana wazazi."

Clementina alimtazama jinsi watu wanavyokitazama kile kioo cha kaunta.

*

Likizo ya Evodius ilianza Jumatatu ya kwanza ya Julai. Clementina alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kazini Södertälje. Natalie alikuwa chumbani mwake na muziki wake. Jua lilijaa sebuleni, jua lile la kaskazini lisilotaka kuzama, na Evodius alikuwa mezani na glavu zake za pamba, akimgeuza Mtakatifu Joji chini ya lenzi. Ilikuwa saa saba mchana. Watu wa pwani huwaita watoto ndani saa hiyo, jua likiwa utosini, lakini Evodius ni mtu wa bara, msomi.

Mlango ukagongwa mara tatu. Taratibu.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya Mswidi na mtu wa Kagera, na ndipo palipomponza. Mswidi akigongewa bila miadi hunyamaza, akanyata hadi kwenye kijitundu cha mlango, akachungulia. Mtu wa Kagera mdomo wake hujibu kabla yake.

"Karibu," alisema Evodius, kwa sauti, mlango ukiwa bado umefungwa. Kisha akaenda kufungua.

Alikuwa mtoto wa kike, wa miaka saba au minane, mweupe wa kijivu. Alivaa gauni zito la sufu, lililolowa, na kitambaa kimezungushwa shingoni mara nyingi. Evodius alifikiri ni watoto wa jirani na michezo yao ya kiangazi. Mtoto akanyoosha karatasi. Ilikuwa nene, ya manjano, yenye mhuri wa nta na mwandiko wa kamba kamba wa Kiingereza cha kale. Alichoweza kusoma kilikuwa maneno mawili: hajaguswa kabla.

Kisha mtoto akainamisha kichwa.

Mkono wa mtu aliyelelewa hauulizi. Kwao, mtoto akikuinamishia kichwa humwachi hewani. Evodius akamwekea kiganja utosini, akaitikia salamu ambayo haikutolewa. "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akaushika mkono ule. Akauvuta chini, akauingiza ndani ya kitambaa, shingoni. Palikuwa pa moto. Palikuwa na majimaji. Na vidole vya Evodius vilizama kidogo.

Akauchomoa mkono. Mtoto alikuwa amekwisha kugeuka, anashuka, na kitu kinang'aa kwenye ngumi yake. Evodius akainua macho amfuate.

Ngazi zilikuwa zimejaa.

Mmoja kila kidato. Wanaume, wanawake, wamejibana ukutani upande wa kulia ili mtoto apite. Wote wamefunga shingo. Wote wameshika karatasi. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyeongea. Zile taa za ngazi, ambazo huwaka zenyewe hata paka akipita, hazikuwa zimewaka.

Alifunga mlango. Aliporudi mezani, trei ilikuwa kama alivyoiacha, vikasha vyote vimefungwa. Cha nusu pauni, kile cha kona, kilikuwa kitupu. Alikifungua: ta. Ndani kilinuka kondoo aliyenyeshewa.

*

Kesho yake, saa saba, hakufungua.

Waligonga mara tatu, wakangoja, wakagonga tena. Saa nzima. Ndani ya saa hiyo hakuna kishindo hata kimoja kilichozidi kingine. Kisha simu yake ikalia. Alikuwa Akeyo, mama wa Kisumu anayekaa ghorofa ya chini yao.

"Baba Natalie," alinong'ona, "hao wageni wako si uwaingize ndani? Wamesimama mpaka kwangu."

"Unawaona?"

"Siwaoni. Nasikia vile wanakohoa. Na kuna mmoja amekohoa kama Natalie."

Jioni ile Clementina alimpapasa binti yake shingo, akatoka chumbani akiwa amekunja mdomo. Harage lilikuwa limekuwa yai la njiwa. Kwa siku moja.

Evodius ndipo alipoivuta ile kadi chini ya trei. Filip alikuwa ameandika Kiswidi cha karani, kikavu kama biskuti: Malaika wa Charles wa Kwanza. Imetobolewa ili ivaliwe. Wafalme wa Uingereza waliaminika kuponya uvimbe wa shingo kwa kuugusa. Mgonjwa alipaswa kuja na cheti cha kasisi wake kwamba hajaguswa kabla. Aguswe kwa zamu. Kila aliyeguswa apewe dhahabu, iwe ya kwake. Chini kabisa, kwa penseli, palikuwa na maneno mawili zaidi.

"Mimi sifungui."

Evodius aliyasoma maneno hayo mpaka yakakosa maana. Filip aliweza kutofungua. Filip hakuwa na mtoto.

Siku ya tatu alikwenda kwenye kijitundu cha mlango kabla hawajagonga. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele, kofia mkononi. Nyuma yake wengine. Na kule chini, ngazi zinapokata kona, alisimama msichana mweusi mwenye sweta ya kijivu na kitambaa kilicholowa shingoni.

Natalie.

Na nyuma ya mgongo wake, chumbani, Natalie alikuwa anaimba kufuata muziki.

Evodius akafungua. Akamgusa mzee. Hakuangalia alichogusa. Mzee alishuka na gini ya koleo, na Evodius akatoka nyuma yake, soksi miguuni, akahesabu. Walimpisha kwa adabu, migongo ukutani, jinsi watu wa Stockholm wanavyompisha mtu kwenye ngazi bila kumtazama. Sufu yao ililowanisha mikono yake. Alifika kwa Natalie. Alimwita kwa kunong'ona. Hakuitikia. Alikuwa anatazama mbele, juu, kule kwenye mlango, kwa macho ambayo Evodius aliyajua vizuri. Ni macho ya mtu aliyeshika namba.

Nyuma ya Natalie hapakuwa na mtu. Mbele yake walibaki ishirini. Kwenye trei zilibaki ishirini na moja.

Alikaa chini sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akapumua. Zinatosha. Ishirini kwa wao, moja kwa Natalie. Mtu wa foleni hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Lakini mzazi huomba zaidi. Alasiri ile alipanda treni ya chini ya ardhi hadi mjini, akanunua pauni moja ya Viktoria, ya akiba, huwezi kujua. Akaiweka kwenye kishimo kitupu. Kesho yake alihesabu. Mbele ya Natalie palikuwa na mtu mmoja aliyeongezeka, mwanamume wa makamo, nguo zake mbichi kuliko za wengine. Evodius hakununua tena.

Alijaribu pia njia ya mkato. Alimvisha Natalie pauni mezani, kwa uzi, kama mchezo.

"Pappa, sluta," Natalie alisema kwa Kiswidi, baba acha, akicheka, akaivua. Usiku huo homa ilimpanda mpaka wakaita gari la wagonjwa. Hospitali walimpa dawa ya homa na kuwakumbusha kwa upole kwamba mko kwenye foleni.

*

Basi akatulia, akawa anaita. Kila saa saba, Clementina akiwa kazini, mtu mmoja. Mfuaji nguo, mikono imechunwa na magadi. Askari asiye na kidevu. Bibi aliyechekacheka alipoguswa, kama amefinywa. Kila mmoja alitoa cheti, Evodius akakisoma, maana kazi ni kazi, akakirudisha. Kila mmoja alishuka na dhahabu, na kikasha kimoja kikabaki kitupu kimefungwa. Na kila siku yule Natalie wa ngazini alipanda kidato kimoja.

Natalie wa chumbani alianza kulala mchana. Saa saba kasoro kidogo macho yalimjia mazito. Akiamka alilalamika kwa Kiswidi kwamba nyayo zinamuuma, kwamba anaota amesimama mahali, na baba yuko juu, na baba hamwiti.

Siku ya kumi na tisa, Clementina alivuta trei kutoka kabatini apanguse vumbi.

"Baba Natalie."

"Naam."

"Viktoria yuko wapi?"

Evodius alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Umeuza?"

"Nimegawa."

"Umegawa. Kwa nani?"

"Kwa wagonjwa."

Clementina aliiweka trei mezani polepole sana. "Mtoto wangu yuko pale ndani na shingo kama ya bata, wewe umegeuka hospitali ya misheni. Ya watu wengine."

"Wako mbele yake," Evodius alisema.

Aliposema hivyo aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ile ya nyuma ya kioo. Clementina alichukua mto wake, akaenda kulala kwa Natalie. Mlango wa chumba ukafungwa kwa ufunguo, na ndani, kwa muda mrefu, mtu alikohoa.

*

Hatimaye mbele ya Natalie akabaki mmoja. Kwenye trei zikabaki mbili: pauni ya Viktoria mjane, na Malaika.

Huyo mmoja alikuwa mwanamke. Evodius alikuwa amemwona tangu siku ya kuhesabu, kijana, amejifunika shali pana ya kahawia, amekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi. Saa saba akagonga. Evodius akafungua.

Mwanamke akatoa cheti. Kisha akatoa cha pili.

Evodius alivitazama vile vyeti viwili. Mwanamke akafunua shali. Ndani alikuwa na mtoto mchanga. Shingo ya mtoto ilikuwa imevimba kuliko kichwa chake.

Kwa siku hizi zote alikuwa amemhesabu kama mtu mmoja.

Mwanamke alimsogeza mtoto mbele. Akajigusa shingo yake mwenyewe, iliyofungwa, akatikisa kichwa: mimi baadaye. Yeye kwanza.

Evodius alimgusa mtoto. Ilikuwa kama kugusa tunda lililoiva kupita kiasi. Mtoto hakulia. Alifumba kiganja, ndani ya kiganja pakang'aa, na mikononi mwa mama yake shali ikanywea taratibu, ikawa nguo tu.

Mwanamke hakushuka. Alisogea nyuma hatua moja, akabaki pale mlangoni, na cheti chake kilichobaki.

Usiku huo Evodius hakulala. Natalie naye hakulala. Pumzi ilikuwa inapita kwa filimbi. Clementina alikaa kitandani amemwegemeza kifuani, na Evodius akasimama mlangoni, hakuna aliyemwambia aingie. Alikata uzi mweupe kwenye kikopo cha kushonea cha mkewe. Akautia kwenye tundu la Malaika. Ulipita mara ya kwanza, bila kuhangaika, kama kitu kilichozoea.

Saa saba. Mara tatu. Taratibu.

Alifungua. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye zulia la mlango. Nyuma yake, kidato kimoja chini, Natalie. Chini ya Natalie, ngazi tupu, safi, jua limepiga kwenye marumaru mpaka mlango wa nje.

Mwanamke akanyoosha cheti. Akafungua kitambaa chake shingoni mwenyewe, kumrahisishia kazi. Akainama.

Mkono wa Evodius ulikuwa umeinuka. Ulikuwa umekwisha kuinuka, wenyewe, kwa malezi. Aliusimamisha hewani.

"Mama," alinong'ona. "Nisamehe. Subiri kidogo."

Mwanamke akainua uso.

"Natalie. Njoo."

Natalie akatazama mgongo wa mwanamke, kisha akamtazama baba yake, kama asiyeamini kwamba ni yeye anayeitwa. Akapanda. Ilibidi apite ubavuni, na mwanamke akajibana kwenye fremu ya mlango ampishe. Evodius akaweka viganja vyote viwili kwenye shingo ya mwanawe. Ilikuwa ya moto. Akamvisha Malaika. Natalie akashuka ngazi zote bila kugeuka, na taa zikawaka, moja baada ya nyingine, kadiri alivyopita.

Mwanamke alikuwa bado pale. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama Evodius kama mtu anayemwelewa kabisa. Kisha akaikunja ile shali yake, pembe kwa pembe, bila haraka, jinsi mtu anavyokunja nguo ya mtoto, akaiweka kwenye zulia la mlango. Akafunga kitambaa chake shingoni. Alishuka hadi kwenye kona, na baada ya kona hapakusikika nyayo.

Chumbani, Natalie aliamka na kuuliza kama kuna chakula.

*

Mwezi Agosti madaktari walimpima Natalie mara tatu, wakiitana wenyewe kwa wenyewe waje waangalie. Hapakuwa na kitu. Barua ikaja ya sentensi moja: umeondolewa kwenye foleni.

Shali aliiokota Clementina, aliporudi kutoka kazini siku ile, alikokwenda kuomba ruhusa ya kukaa na Natalie. Alidhani ni ya Akeyo. Akeyo akasema si yake, hakuigusa, na tangu hapo anatumia lifti. Ni sufu nzito, ya kahawia, iliyofumwa kwa mkono. Clementina aliishika kwa mikono miwili, akasimama nayo mlangoni, akauliza nani alikuwa amebebwa ndani yake sasa hivi, maana ina joto.

Aliifua. Aliianika roshani. Januari, theluji ilipofika magoti, aliitoa nje usiku mzima ikajaa barafu pande zote, isipokuwa katikati, pa upana wa mtoto. Sasa iko kabatini, rafu ya juu. Ukitia mkono, bado ina joto.

Kuhusu sarafu, Clementina alisisitiza waombe fidia ya bima. Fomu ina kurasa sita. Chanzo cha upotevu: wizi, moto, maji, mengineyo. Evodius akatia alama kwenye mengineyo. Chini yake pana mistari minne, na maelekezo kwamba mwombaji aeleze kwa ufupi na kwa ukweli kilichotokea. Fomu imekaa mezani tangu majira ya kuchipua, na Clementina ameacha kuuliza. Evodius huishika kalamu jioni, akaiweka chini. Si kwamba hajui aandike nini. Palikuwa na watu wawili na sarafu moja, na zamu haikuwa ya Natalie, na yeye akampa Natalie.